Lindeni barua mpaka mkononi mwa mwenyewe

Barua ya wazi kwa Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria ya Bunge la Taifa
Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya
Kutoka: Soweto West, Kibera, Nairobi

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu wizi wa barua na vifurushi, na ombi langu la kwanza huenda likawashangaza: msiongeze hata mwaka mmoja wa kifungo. Miaka tunayo ya kutosha. Tunachokosa ni sheria inayoifuata barua mpaka pale inapoibwa siku hizi.

Nina duka hapa Soweto West, jirani na Kianda. Nauza unga, mafuta ya kupima na salio, natoa na kupokea pesa za simu, na tangu biashara ya vifurushi ishike kasi mjini nimekuwa wakala pia. Jirani akitumiwa kitu na jamaa wa ushago au na muuzaji wa mtandaoni, huandikiwa jina la duka langu kama mahali pa kuchukulia. Chini ya kaunta kuna kreti za soda ambamo mizigo hulala, kila mmoja umeandikwa jina na nambari ya simu kwa maka peni. Kando yake linaning'inia daftari la kurasa mia mbili, limefungwa kwa kamba ya kiatu ili lisitembee. Anayekuja kuchukua ananionyesha kitambulisho, natazama picha, natazama uso, anatia sahihi au kidole gumba. Daftari hilo nililinunua mwenyewe kwa hiari yangu. Hakuna sheria iliyonilazimisha, wala hakuna atakayeniuliza nikilitupa kesho.

Nianze na mambo mnayoyajua kuliko mimi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ilianza kutumika Agosti 1, 1930, wakati Kibra, ndiyo Kibera ya leo, ikiwa makazi ya askari wastaafu wa KAR, jeshi la kikoloni, waliotoka Sudan, hao tunaowaita Wanubi, na familia zao. Ndani yake wizi wa kawaida, kifungu cha 275, ni kifungo cha hadi miaka 3. Kuiba wosia, kifungu cha 276, ni 10. Kuiba kitu kilichomo katika posta, kifungu cha 277, ni 10 vilevile. Kuiba mifugo ni 14. Yaani sheria ile inaiweka barua karibu zaidi na ng'ombe kuliko na viatu vilivyoanikwa nje. Walioitunga hawakuwa wakitutetea sisi, hilo tunalijua, lakini walielewa kwamba bahasha haipimwi kwa bei ya karatasi.

Tatizo liko katika maana waliyoipa barua. Sheria inataja barua, kadi, gazeti, kitabu, kifurushi na mengineyo mengi, ila kwa sharti moja: kiwe katika safari ya posta. Mwaka 1930 sharti hilo halikuwa na kasoro, maana mwenye mifuko, mihuri na nafasi katika gari moshi alikuwa mmoja. Hata enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1999 tukapata Posta peke yake na Telkom peke yake, mtu wa kawaida alitegemea hasa njia hiyohiyo kutuma cheti kutoka Busia hadi Nairobi.

Leo hiyo siyo njia ya cheti. Cheti kinatiwa kwenye bahasha ya kaki na kupigwa gundi. Kinapelekwa kwa karani wa basi, anaandika risiti, na usiku kinasafiri kwenye buti pamoja na mahindi mabichi na kuku. Alfajiri kinashushwa kwenye ofisi ya vifurushi katikati ya jiji. Mwenyewe akiwa kibaruani Industrial Area, atampigia kijana wa boda akichukue. Kijana hawezi kuingia na pikipiki mpaka mlangoni kwa sababu ya matope na mitaro, basi atakiacha kwa wakala, au kwa mama mboga wa pale kwenye kona, au kwa mlinzi wa ploti. Mtoto wa jirani ndiye atakayekifikisha. Hesabuni mikono hiyo, kisha mniambie ni mkono upi kati ya hiyo ambao kifungu cha 277 kinaugusa.

Najua mawakili wa Kamati watanijibu kwamba vifungu vingine vipo. Ni kweli, na nimevisoma. Kuiba kutoka kwenye gari au mahali panapohifadhiwa mizigo iliyo safarini ni kifungu cha 279, hadi miaka 14. Aliyekabidhiwa kitu akifikishe kwa mtu kisha akakila, kifungu cha 283, ni hadi miaka 7. Basi tazameni bahasha moja ya kaki yenye cheti kimoja ndani. Ikichomolewa katika mfuko wa Posta, ni 10. Ikichomolewa kwenye buti ya basi, ni 14. Nikiila mimi wakala, ni 7. Ikiokotwa na mpita njia juu ya kaunta yangu nikiwa nahesabu chenji, mawakili watabishana kama duka langu ni ghala la mizigo iliyo safarini au ni duka la unga tu, na wakiamua ni duka la unga, ni 3. Aliyeibiwa ni yuleyule na hasara yake ni ileile katika kila hali.

Ndiyo maana nasema miaka haikosekani. Kinachokosekana ni kesi. Waulizeni makarani wa Mahakama ya Kibera ni lini mara ya mwisho mtu alisomewa shtaka la kuiba barua ya mtu wa Soweto, Lindi au Gatwekera. Mimi sijawahi kusikia, na duka langu ni mahali ambapo habari hufika kabla ya polisi.

Nitawaeleza kisa cha jirani yangu ili mwone kesi hufia wapi. Kijana wake alitimiza miaka 18 na akataka kitambulisho. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kwa shangazi, magharibi huko, pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi. Shangazi akafunga vyote kwenye bahasha moja na kuituma kwa basi. Basi likafika salama, bahasha ikachukuliwa, na kijana wa boda akaiacha langoni mwa ploti kwa mtu aliyesema anamjua mwenyewe. Mtu huyo hakuonekana tena. Jirani akaenda kituoni. Askari aliyemkuta hakuwa mkorofi, alimpa kiti na akamsikiliza. Kisha akauliza swali analouliza kila siku: kilichoibwa kina thamani ya shilingi ngapi? Cheti cha kuzaliwa. Nakala mbili za vitambulisho. Jirani hakuwa na jibu, kwa sababu hakuna jibu. Akaandikiwa abstract, karatasi ile tunayopewa tunapopoteza stakabadhi, inayosema kuwa mwenyewe amepoteza vitu vifuatavyo.

Naomba mkae na jambo hilo kidogo. Kitu kilichukuliwa na mtu mwenye mikono na miguu, mchana kweupe, na dola ikaandika kwa mkono wake yenyewe kwamba kimepotea. Wizi wa karatasi nchini mwetu hupita katika kaunta ya polisi ukawa uzembe wa aliyeibiwa. Hakuna wa kutafutwa, maana hakuna aliyeiba. Hata nyinyi mkitaka kujua ukubwa wa uhalifu huu, hamtaupata kwenye vitabu vya kituo chochote. Umejificha ndani ya maelfu ya abstract, pamoja na pochi zilizosahaulika kwenye matatu namba 8 na 32.

Miezi michache baadaye baba wa yule kijana akaanza kupigiwa simu na wakopeshaji wa mtandaoni kuhusu mkopo asioujua, uliochukuliwa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Siwezi kuapa kwamba ni ile bahasha, kwa sababu nakala za vitambulisho vyetu zimetapakaa kila mahali, kuanzia lango la jengo lolote mjini mpaka kwenye vibanda vya fotokopi. Lakini mtu mwenye nakala ya kitambulisho chako na cheti cha mwanao ana vya kutosha kukuandama mwaka mzima. Anayeuliza bei ya karatasi hiyo ameuliza swali linalomfaa aliyeibiwa kuku.

Wizi wenyewe ni nusu tu ya shida. Nusu ya pili ni barua ambazo hakuna aliyeziiba.

Soweto West hakuna anayeletewa barua mlangoni. Kenya nzima ni nchi ya masanduku: barua huandikwa nambari ya S.L.P., na mwenye ufunguo huenda kuifuata. Wengi wetu hatuna sanduku, kwa hiyo tunaazima la shule ya mtoto, la kanisa, la tajiri wa kazini, la mjomba anayefanya kazi ofisini mjini. Jina lako linaandikwa chini ya jina la mwenye sanduku, na maisha yako yanapitia kwenye droo yake. Kwa Posta, barua ikishaingia kisandukuni, kazi imekwisha na safari imekamilika. Kwetu sisi safari yenye hatari ndiyo imeanza.

Kuna kijana wa hapa, sitamtaja wala sitaitaja ofisi, aliyeomba ufadhili wa masomo na kuandika anwani ya taasisi fulani iliyomruhusu kutumia sanduku lake. Jibu likaja. Likakaa kwenye droo ya karani kwa sababu familia ya kijana ilikuwa na deni la michango, na karani aliona hiyo ndiyo njia ya kuwakumbusha. Bahasha ilipotolewa, ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi, na tarehe ya usaili ilikuwa imepita. Kijana alitaka kushtaki. Kwa kosa gani? Kifungu cha 268 kinasema wizi unahitaji nia ya ulaghai, na ya kwanza katika orodha ya nia hizo ni kumnyima mwenyewe kitu chake moja kwa moja. Karani hakumnyima moja kwa moja. Alimrudishia. Wakili wake asingetoka hata jasho.

Sasa linganisheni na hili. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Humo, mtu anayeficha au kuzuia kwa makusudi barua pepe, ujumbe, malipo ya kielektroniki au kadi ya benki iliyomfikia kimakosa, ilhali ni ya mtu mwingine, ametenda kosa: faini ya hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Yaani pesa zikija kimakosa kwenye simu yangu nikazikalia, nina kesi. Ikija barua pepe ya kijana yule nikaificha, nina kesi. Ila ikija bahasha yake ya karatasi nikaiweka droo, nikaifungua, nikaisoma, nikacheka, kisha nikampa baada ya wiki sita, mimi ni raia mwema aliyechelewa kidogo. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, na haikuandika kwamba mawasiliano hayo sharti yawe na waya. Mlioandika sheria ya 2018 mlilijua kosa hili kwa sura yake, mkalikataza kwenye simu na kuliacha kwenye droo.

Mtaniambia karatasi zinaisha, kila kitu sasa ni mtandaoni kupitia eCitizen. Kwa kiasi fulani ni kweli, na nashukuru: barua za kuingia shule ya sekondari siku hizi tunazichapisha wenyewe kwenye saiba, hazitegemei droo ya mtu. Lakini hati ya shamba ya marehemu babu haiji kwa simu. Vyeti halisi vya shule haviji kwa simu. Miwani, dawa za kisukari za mama, mkataba wa binti aliye kazini Riyadh ambao familia imeombwa kuuhifadhi, vyote vinapita kwenye kreti zangu. Kadiri biashara ya mtandaoni inavyokua ndivyo mizigo inavyoongezeka. Mwaka 2016 Posta yenyewe ilileta MPost, huduma inayoigeuza nambari ya simu ya mtu kuwa sanduku lake na kumtumia ujumbe barua ikifika. Ni wazo zuri na ningependa lienee zaidi, sababu linamwondoa karani wa droo. Halimwondoi mtu wa kona.

Na msitusubirishe anwani. Mlango wangu una nambari kadhaa za rangi, moja ya waliohesabu watu, moja ya walioandikisha nyumba kwa mpango wa kuboresha makazi ambao ulianzia kwa wenzetu wa Soweto East, na nyingine sikumbuki hata ilikuwa ya shirika gani. Hakuna hata moja ambayo mleta barua anaweza kuifuata. Hadi vijana wa Map Kibera walipoanza kuchora vichochoro vyetu mwishoni mwa 2009, mtaa huu wote ulikuwa pengo tupu kwenye ramani. Siku tutakapopata majina ya barabara na nambari za nyumba tutashangilia, lakini sheria ya jinai inayongoja kibao cha barabara itawangoja wajukuu.

Hili la kuivuta sheria karibu na mtu siyo ndoto yetu peke yetu. Marekani wizi wa barua ni kosa la serikali ya shirikisho, kifungo hadi miaka 5, na kwa muda mrefu ilionekana hiyo yatosha. Tabu ni kwamba waendesha mashtaka wa shirikisho wana kazi kubwa kubwa, na kesi ya bahasha kumi zilizochomolewa mtaani haiwafikii mezani. Basi majimbo yakaanza kutunga sheria zao ili mwendesha mashtaka wa karibu aweze kuishika. Texas ilipitisha yake mwaka 2019, ikaanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Kilichonivutia ndani yake ni kipimo: uzito wa kosa unaongezeka kadiri idadi ya watu walioibiwa barua inavyoongezeka. Aliyechukua za watu wachache ana kosa dogo zaidi kuliko aliyechukua za thelathini au zaidi, bila kuuliza kilichomo ndani kina thamani ya dola ngapi. Kipimo hicho kingemwokoa askari wetu wa kaunta. Asingeuliza shilingi ngapi. Angeuliza ni ya nani, na ni za wangapi.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Rekebisheni maana ya kitu cha posta katika Kanuni ya Adhabu ili ishike barua au kifurushi chochote kilichoandikwa jina la mtu, tangu kinapotoka mkononi mwa mtumaji hadi kinapofika mkononi mwa mwenyewe au mtu aliyemtuma, awe anakibeba Posta, kampuni, basi, boda, wakala au mwenye sanduku. Mkishafanya hivyo, vile vifungo vinne vya bahasha moja vinakuwa kimoja, na hicho cha miaka 10 kilichopo kinatosha na kubaki. Kipimeni kwa idadi ya wenye barua. Kisha ongezeni kosa dogo la pembeni, la kufungua, kuficha au kuzuia kwa makusudi barua ya mtu mwingine hata bila nia ya kuiiba. Hilo lisiwe la jela. Faini, fidia kwa aliyeumizwa, au amri ya kutumikia jamii chini ya ile sheria ya huduma kwa jamii ya 1998, vinatosha kabisa. Karani wa droo akifagia uwanja wa shule wiki mbili mbele ya wanafunzi atajifunza kuliko akikaa rumande ya Industrial Area.

Polisi nao wapewe agizo la wazi: stakabadhi zilizochukuliwa na mtu ziandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, kuwa zimeibwa, na abstract ibakie kwa aliyedondosha mwenyewe. Hili halihitaji hata sheria mpya, linahitaji waraka mmoja.

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano nina neno la pembeni. Kanuni zenu za huduma za posta na vifurushi za mwaka 2010 zinamtazama mwenye leseni. Mwenye leseni mnamjua, ana ofisi na bima. Hamnijui mimi, wala hammjui mlinzi wa ploti, na huko ndiko mzigo unakolala. Mlazimisheni mwenye leseni kuwa na orodha ya mawakala wake, na kila wakala awe na daftari: nani ameleta, nani amechukua, saa ngapi, kwa kitambulisho gani. Daftari na kalamu havizidi bei ya pakiti mbili za unga, na kampuni inayonilipa kamisheni ya shilingi kidogo kwa kila mzigo inaweza kuvigharamia. Na zile operesheni za kuwasaka wabebaji wasio na leseni, tafadhali zisianzie kwa vijana wa boda. Wapeni njia ya kujiandikisha kwa ada ambayo mtu wa Kawangware au Kibera anaweza kuimudu, kupitia chama chao cha stejini, kwa sababu wakiondoka barabarani hakuna atakayeshuka na bahasha mpaka huku kwetu.

Kuna jambo linalonitia hofu katika ombi langu mwenyewe, na afadhali niliseme kabla hamjalisema. Huku kwetu neno mwizi linaweza kumuua mtu. Mmeona picha, au mmekataa kuziona. Kijana wa boda akipigiwa yowe na mama anayelilia kifurushi chake, umati haufungui Kanuni ya Adhabu kutazama kama ni kifungu cha 277 au 283. Mkitangaza kwenye redio kwamba Bunge limekaza sheria ya wizi wa barua, na mkaishia hapo, watakaoumia wa kwanza ni hao wabebaji wa mwisho, maskini kama sisi, ambao kosa lao mara nyingi ni kumwamini mtu aliyesema, nipe, namjua.

Ndiyo sababu nashikilia daftari kuliko jela. Kuna mteja aliyewahi kunijia dukani na ndugu zake akidai nimekula simu aliyotumiwa. Sauti zilipanda, watu wakaanza kukusanyika, na mmoja nyuma huko alishaanza kutukana. Nikafungua ukurasa. Simu ilichukuliwa siku mbili kabla na mdogo wake wa kuzaliwa, sahihi ipo, nambari ya kitambulisho ipo, na mdogo mtu alikuwa amesimama palepale kwenye kundi. Sitawaeleza yaliyomfuata huyo, nyumba ile ina mambo yake. Ila jioni ile nilirudi nyumbani na mwili mzima kwa sababu ya maandishi ya kalamu ya biki. Maandishi yanamlinda aliyeibiwa na yanamlinda anayesingiziwa, na sheria isiyolazimisha maandishi inatuachia sisi kwa sisi tutafutane.

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge au kurekebisha sheria, na Ibara ya 118 inawataka mtushirikishe. Naomba vyote viwili. Njooni msikilize maoni hapa hapa, uwanja wa Kamukunji upo, wala hauhitaji kukodiwa kama ukumbi wa hoteli. Waiteni vijana wa boda wa steji ya Olympic na wa Kawangware 46. Waiteni makarani wa mabasi ya magharibi na Kisii, wanajua ni usiku upi mizigo hupungua njiani na ni kituo kipi. Waiteni wafanyakazi wa Posta, ambao wamevumilia mishahara iliyochelewa miezi kadhaa na bado mihuri wanapiga. Watawaambia kuhusu kulinda barua mambo ambayo mshauri yeyote wa kukodi hana. Na mje Jumapili alasiri, makanisa yakishatoka. Mkija siku ya kazi saa nne asubuhi mtatukuta sisi wenye maduka na wazee wa mtaa peke yetu, na sisi yetu tumeshayaandika.

Wenu,
Wakala wa vifurushi, Soweto West